Mjane wa Ukurasa wa Kumi na Tisa

Kofi la kwanza nilipigwa na mwanamke mtu mzima aliyejifunga kanga safi, na alinipiga kwa adabu. Alinisogelea pale langoni, akaniinamia kidogo kama mtu anayetaka kukusalimu, akasema, "Karibu Kihambwe," halafu akanizaba shavu la kushoto. Kabla sijapata la kusema akanizaba la kulia, akarudi kwenye kigoda chake kumsubiri mgeni mwingine.

Jinsi nilivyofika katika nchi ya Usomwa si muhimu; njia ni ndefu na haina la kusimulia. Mimi nilikuwa karani wa mahakama kwa miaka thelathini na mmoja. Kazi yangu ilikuwa kuandika maneno ya watu bila kuongeza wala kupunguza. Nilipostaafu nilikwenda katika kijiji cha Kihambwe kwa sababu moja tu: nilikuwa nimesoma kitabu. Kwetu kila mtu alikuwa amekisoma. Kinaitwa Niliyoyaona Kihambwe, na kiliandikwa na msafiri mashuhuri, Bwana Zahrani Tindwa, miaka ishirini kabla ya mimi kupigwa makofi yale.

Aliyenieleza maana ya makofi ni Bwana Mbetwa, Mwangalizi wa Kitabu, ofisa mkubwa kuliko wote pale kijijini. Alinijia na mwavuli uliofunguliwa, ingawa mbingu ilikuwa nyeupe kwa jua, na kitabu amekibana kwapani.

"Ukurasa wa tatu," akasema, akanisomea. "'Mgeni aingiapo Kihambwe hupigwa makofi na wenyeji wenye furaha.'"

"Bwana," nikasema huku najipapasa shavu, "hilo ni kosa la mpiga chapa. Mwandishi alikusudia kuandika hupigiwa. Imedondoka herufi moja."

"Hata sisi tulidhani hivyo," akajibu bila kukasirika. "Baraza lilikaa siku nne kulijadili. Lakini wageni wa kwanza tuliowapigia makofi walifungua kitabu, wakalalamika kwamba hawakupata walichokisoma. Tangu hapo tunapiga."

Niliandika maneno hayo kwenye daftari langu kama alivyoyasema. Nilidhani nimekutana na mjinga mmoja mwenye cheo, jambo ambalo mahakamani hutokea kila siku. Nilikuwa sijajua bado kwamba kijiji kizima kimekubaliana naye.

Kitabu kilisema kwamba watu wa Kihambwe hawana haraka. Kwa hiyo kukimbia ni kosa. Mwaka mmoja kabla ya mimi kufika, ghala la mahindi la bwana mmoja aitwaye Kibena liliwaka moto saa tano asubuhi, na majirani wakaenda kuchota maji kwa mwendo wa harusi, ndoo mikononi, wakiwasalimu wageni njiani. Ghala liliteketea. Wageni waliokuwepo walisifu utulivu wa wanakijiji, na Kibena mwenyewe alinisimulia sifa hizo kwa majivuno, utafikiri alipewa ghala lingine.

Kitabu kilisema kwamba mvua ya rasharasha ilikuwa ikinyesha juu ya mapaa. Bwana Tindwa alifika siku ya mvua, basi. Kwa sababu hiyo, wakati wa kiangazi wanawake hupanda juu ya nyumba na makopo yaliyotobolewa, wakanyunyiza maji mpaka saa kumi jioni, na bustani za mchicha nyuma ya nyumba hizohizo zimekauka.

Kitabu kiliwataja watu thelathini na wawili. Hao huitwa kwa kurasa zao, na ndio wenye nyumba za mbele na viti katika Baraza. Bwana Mbetwa mwenyewe yumo katika ukurasa wa saba kama "kijana mwenye mwavuli". Sasa ana miaka hamsini na mmoja, anapaka masizi kichwani kuficha mvi, hajaoa kwa kuwa kitabu hakikumpa mke, na sheria inamtambua kama kijana. Waliobaki, kama mia tatu hivi, huitwa wasiotajwa. Hao ndio wanaolima, wanaopika na kuchota yale maji ya mvua, na hawatakiwi kuonekana. Siku ile ya kwanza alitupita mzee wa kike amebeba mzigo wa kuni, karibu anikwaruze bega.

"Yule ni nani?" nikauliza.

"Yupi?" akasema Bwana Mbetwa.

Siwezi kusema walilazimishwa. Wageni walikuwa wakija kwa makundi, wananunua asali, wanalala, wanakula, na jembe lina uzito wake, hilo naelewa. Lakini zaidi ya yote walipenda. Niliona watu wazima wakisimama mbele ya kioo wakijifunza kuonekana kama walivyoandikwa.

Mchana wa siku hiyohiyo, ambayo ilikuwa Jumamosi, tulipelekwa kumwona mjane.

Kila aliyesoma kitabu kile anamkumbuka mjane wa ukurasa wa kumi na tisa. "Amekaa kizingitini, uso kauelekeza mtoni, na tangu mumewe afariki hajacheka." Sisi wageni kama kumi na watano tulisimama uani kwake tukiwa kimya. Alikuwa amekaa kizingitini kweli, mwanamke wa miaka kama hamsini na mitano, amejifunika kaniki nyeusi, anautazama mto. Jina lake ni Nemesha. Bibi mmoja katika kundi letu alianza kulia taratibu.

Mara ng'ambo ya mto pakasikika ukelele wa mwanamume, mkali, kisha kitu kikavunjika matawini kikaanguka kwa kishindo. Ukelele ukaja tena, safari hii umekuwa mrefu. Mikono ya Nemesha ilikamata ukingo wa kizingiti hadi vidole vikabadilika rangi. Akataka kuinuka. Bwana Mbetwa akakohoa. Nemesha akakaa.

"Uangalie uso ule," bwana mmoja aliyesimama kando yangu akaninong'oneza, ameridhika kabisa. "Ni vilevile alivyouandika."

Nami niliuangalia. Ninaona aibu kusema hivyo, lakini niliuangalia, na nikafikiri kwamba safari yangu haikuwa ya bure.

Saa kumi wageni walipotawanyika mimi nilichelewa, kwa kuwa ukelele ule ulikuwa haujanitoka masikioni. Nilimkuta Nemesha ukingoni mwa mto, walinzi wawili wakimzuia kwa fimbo iliyolazwa kama komeo la lango.

"Salugwe!" alikuwa akiita. "Salugwe, umeumia wapi?"

"Mguu," sauti ikajibu kutoka vichakani ng'ambo. "Chini ya goti. Nimeanguka na mzinga."

"Unaweza kutambaa?"

"Nimeshatambaa mpaka kibandani. Maji ninayo. Nenda ukakae, watakufuta."

Akageuka, akaniona. Hakuniomba radhi wala hakujifunika uso. Aliniuliza, "Wewe ndiye yule wanayesema alikuwa karani wa mahakama?"

"Ndiye, mama."

"Basi niandikie barua ya kwenda Barazani. Mume wangu amevunjika mguu."

"Mumeo yupi?" nikauliza, maana mimi pia nilikuwa nimesoma ukurasa wa kumi na tisa.

Ndipo aliponisimulia, tukiwa tumekaa juu ya mawe, na walinzi wakijifanya hawasikii. Siku Bwana Tindwa alipopita, Salugwe alikuwa msituni kwenye mizinga yake ya nyuki. Nemesha alikuwa amekaa kizingitini ana jino lililovimba, hawezi kufungua kinywa. Msafiri alimpungia mkono, hakuitikiwa, akamtazama kwa muda, akaandika kitu, akapita. Mwaka uliofuata kitabu kilifika. Wageni walipokuja kumtafuta mjane na kumkuta mume wake anachonga mzinga uani, walikasirika. Baraza likakaa. Salugwe akatangazwa marehemu.

"Walimfanyia matanga," Nemesha akasema. "Alisaidia kuchimba kaburi mwenyewe, maana walikuwa hawajui kuchimba sawasawa. Halafu wakamwonyesha mto."

Kitabu kinasema kwamba ng'ambo ya mto hakuna kitu. Kwa hiyo pakafaa. Salugwe alijenga kibanda mahali pasipo na kitu, akaendelea kurina asali, na Kihambwe ikaendelea kuila. Ijumaa hawaji wageni. Kitabu hufungiwa sandukuni, na watu hukimbia, hugombana, hulia watakavyo mpaka jua lizame. Kwa miaka kumi na tisa Nemesha alikuwa akivuka Ijumaa kumpikia mumewe.

"Utamwona Ijumaa, basi," nikasema.

"Ijumaa hii Tindwa anakuja. Kitabu kinatimiza miaka ishirini. Sanduku halitafungwa." Akasimama. "Niandikie kwa adabu. Sema sitaki mambo makubwa. Nataka aletwe nyumbani augue ndani, kibanda chake kinavuja. Nikienda bila ruhusa nitafutwa mimi, niwe asiyetajwa, na dada yangu na watoto wake watatolewa kwenye nyumba. Wale Barazani ni watu niliocheza nao utotoni. Wamekula asali yake. Hawatakataa."

Niliiandika barua ile kwa mwandiko wangu bora. Nilijitolea pia kuvuka mwenyewe nikamtazame mgonjwa. Bwana Mbetwa akaniambia kwa upole kwamba mgeni haruhusiwi kwenda mahali pasipokuwepo. Nami, niliyezoea kutii kila aliyekaa juu ya kiti kirefu, nilitii.

Baraza lilikutana Jumapili. Wajumbe walikaa kwa kufuata kurasa. Bwana Mbetwa aliisoma barua, kisha akamkaribisha msemaji wa kwanza, Mzee Lugome wa ukurasa wa tano, aliyetajwa kitabuni kama "mzee mwenye busara" na ambaye kwa sababu hiyo haruhusiwi kukaa kimya.

"Maiti havunjiki mguu," akasema Mzee Lugome. "Kama amevunjika mguu, si maiti. Kama si maiti, kitabu kimesema uongo. Kitabu hakisemi uongo. Kwa hiyo mguu ni mzima."

Walimpongeza. Mjumbe mwingine, mwenye huruma zaidi, akashauri Salugwe aletwe ndani ya jeneza kupitia mlango wa nyuma. Akaulizwa: jeneza likishaingia kijijini litaachwa vipi bila kuzikwa? Akaketi. Wa tatu akasema aingie kama mgeni. Lakini mgeni hupigwa makofi, na sheria haikusema kama marehemu anaweza kupigwa. Hilo liliwachukua muda mpaka chakula cha mchana, na walikula vizuri.

Nje ya dirisha alikuwa amesimama yule mzee wa kike niliyemwona na kuni. Nilishajua jina lake: Chisulo, fundi wa kuunga mifupa, asiyetajwa. Alisema kwa sauti ya kawaida, akimwelekea kila mtu, "Mfupa ukikaa siku sita bila kuungwa utashikana vibaya. Nipeni mtu mmoja wa kunishikia mguu, niende leo."

Bwana Mbetwa akawauliza wajumbe kama kuna aliyesikia upepo. Wakasema ndiyo, kuna upepo. Dirisha likafungwa.

Uamuzi wao ulikuwa kwamba mwenye kitabu anakuja Ijumaa, na yeye peke yake anaweza kukisemea kitabu. Nemesha alisimama mlangoni akiwasikiliza. Aliwatazama mmoja mmoja, akasema, "Haya," akarudi kizingitini, kwa kuwa kulikuwa na wageni wanaongoja.

Kutwa nzima ya Jumatatu, Jumanne, Jumatano na Alhamisi alikaa pale. Jioni alikwenda kumwita mumewe kutoka ukingoni, na kila jioni sauti ilichukua muda zaidi kujibu. Wageni wa juma lile walisema kwamba hawajawahi kuona huzuni kama ile.

Ijumaa Bwana Zahrani Tindwa aliwasili. Alikuwa mnene, ana kofia ya majani na tabasamu la mtu aliyezoea kutazamwa. Umati wa wageni ulijipanga pande zote mbili za njia, kila mmoja na nakala yake mkononi, anangoja kutiliwa sahihi. Walinzi wa mto nao waliitwa kujipanga. Yule mwanamke wa langoni alisogea, akainama, akasema, "Karibu Kihambwe," akamzaba.

"We mwanamke!" akapiga kelele Bwana Tindwa. "Una wazimu?"

"Ukurasa wa tatu," akasema Bwana Mbetwa kwa fahari, akamsomea.

Bwana Tindwa akachukua kitabu, akakitazama. "Hili ni kosa la chapa! Ni hupigiwa! Mtoto mdogo anaweza kuliona."

Bwana Mbetwa akauliza, "Kwa hiyo bwana, kitabu kina kosa?"

Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwa msafiri yule, na niliuona uso wake ukifanya hesabu. Aliwatazama wageni na vitabu vyao. Aliona kwamba kosa likishaingia ukurasa wa tatu, hakuna wa kulizuia lisitembee mpaka wa mia mbili. Akajipapasa shavu. "Hapana," akasema. "Nilisahau tu. Ni desturi yenu ya kale. Ipo sawa kama nilivyoandika." Akageuza shavu la pili, akapigwa, na watu wakashangilia.

Ndipo Nemesha alipojitokeza. Alikuwa ameacha kizingiti chake saa za wageni, jambo ambalo halijapata kutokea.

"Shikamoo bwana," akasema. "Mimi ni mjane wako."

Bwana Tindwa akaishika mikono yake yote miwili. "Mama! Nakukumbuka. Uso huu sijausahau hata siku moja."

"Nina neno moja tu. Siku ile uliniona, nilikuwa naumwa jino. Mume wangu alikuwa hai na yuko hai. Waambie hawa. Amelala ng'ambo siku ya saba na mfupa umevunjika. Sema neno tu, akachukuliwe."

"Jino?" akasema Bwana Tindwa.

"Lilikuwa hapa. Nililing'oa baadaye." Akafungua kinywa amwonyeshe pengo.

Baadhi ya wageni walitazama pembeni. Bwana Tindwa aliiachia mikono yake polepole. Sikuona ukatili usoni mwake, na hilo ndilo lililonichukiza. Alikuwa na uso wa mtu anayemfafanulia mtoto somo gumu.

"Mama," akasema, "wewe ulihisi jino. Mimi niliona kilichokuwa nyuma ya jino. Huzuni ile ilikuwepo, pengine wewe mwenyewe hukuijua. Watu wangapi wamelia kwa ajili ya mstari ule! Unataka niwaambie walilia kwa ajili ya jino?"

"Ulikaa hapa muda gani, bwana?" mimi nikauliza. Lilinitoka tu, kwa sauti ileile ya mahakamani.

Akanitazama. "Mpaka mvua ilipokatika," akasema. "Kwa mtu mwenye macho, yatosha."

Nemesha alivua kaniki nyeusi. Chini yake alikuwa na gauni la maua la kazi. Akaikunja kaniki mara mbili, akaiweka mikononi mwa Bwana Tindwa. "Ukakae wewe, basi," akasema. "Kizingiti kina baridi asubuhi, tandika kitu." Akageuka, akakimbia kuelekea mtoni.

"Ukurasa wa kumi na tisa!" akaita Bwana Mbetwa. "Ukurasa wa kumi na tisa, rudi!"

Hakuna aliyeweza kumkamata. Walinzi walimfuata, lakini kwa kutembea, kwa sababu msafiri mwenyewe alikuwa anatazama, na watu wa Kihambwe hawana haraka. Walikuwa bado kwenye bustani za mchicha alipoingia majini hadi kiunoni. Nyuma yake nilimwona Chisulo, mbao mbili na bunda la vitambaa kichwani, akipita katikati ya walinzi. Hawakumzuia, kwa kuwa hakuwepo. Baada yake wakapita wanawake wengine wanne wasiokuwepo, wamebeba chungu, mkeka, unga na kuni.

Kihambwe ilijirekebisha haraka kuliko nilivyotegemea. Mchana uleule Baraza lilitangaza kwamba nafasi ya mjane iko wazi. Walijitokeza wanawake sita, wote wenye waume. Alichaguliwa mke wa Kibena, yule wa ghala, na Kibena akafariki kwa mujibu wa sheria kabla ya chai ya saa kumi. Nilikuwepo. Aliuliza kama ataruhusiwa kwenda na mbuzi wake, akaambiwa ndiyo, akawashukuru wajumbe kwa heshima waliyoipa familia yake. Dada yake Nemesha na watoto walihamishiwa nyuma ya nyumba, wakapewa makopo ya mvua.

Bwana Tindwa naye hakukaa bure. Kabla ya kulala aliandika nyongeza kwa chapa mpya, na asubuhi akaisoma hadharani kwa sauti iliyokatika mahali pazuri. Ilisema kwamba mjane wa Kihambwe, baada ya kungoja miaka ishirini, alimfuata mumewe ndani ya maji, na kwamba mto ulimpokea. Wageni walilia sana. Bwana Mbetwa aliomba nakala, akaigonga mhuri, na kuanzia saa tatu asubuhi ya Jumamosi Nemesha alikuwa amekufa maji.

Nilifunga mizigo yangu. Nilipofika mtoni niliikunja suruali, nikavuka, mbele ya walinzi. Nilikuwa nimechelewa siku saba, na najua hivyo.

Kibanda kipo nyuma ya miti yenye mizinga, hatua mia moja hivi kutoka ukingoni. Chisulo alikuwa nje anaosha mikono. Aliniambia kwamba mfupa ulikuwa umeanza kushikana upande, na walilazimika kuuvunja tena, watu watano wamemkalia. Mguu utapona lakini utakuwa mfupi, na juu ya mizinga Salugwe hatapanda tena. Alisema hivyo huku anajikung'uta maji, akaondoka zake kurudi kijijini ambako shamba lilikuwa linamngoja.

Nilibisha hodi kwenye mlango wa mabua. Ndani kulikuwa na harufu ya ugali na maharage, na sauti ya mwanamume, nzito kwa usingizi, ikiomba aongezewe chumvi. Nemesha akachungulia. Mkono wake wa kulia ulikuwa na ugali.

"Mama," nikasema, "nimekuletea habari kutoka kijijini. Wameandika jambo juu yako, nikaona usilisikie kwa mtu mwingine."

Aliniangalia kidogo. "Hiyo habari ikikaa inaoza?"

Nikafikiri. "Haiozi."

"Basi subiri hapo nje, baba. Tunakula."

Akarudishia mlango. Nikatafuta gogo, nikakaa, nikasubiri.